Laptopu ya bei mbaya halafu huwezi hata kubadili betri mwenyewe, hii ni sawa?

Mleta mada:

Wakuu habari zenu. Tujadili hili bila ushabiki maana najua kuna watu ukigusa tu kampuni yao wanakuja juu. Hoja yangu ni hii, mtu akishatoa hela ndefu kununua laptopu kwanini asiweze kuifungua akaongeza RAM (kumbukumbu ya muda ambayo programu zinafanyia kazi), akabadili SSD (hifadhi ya mafaili), akaweka betri mpya, yeye mwenyewe au fundi wake, bila kumpigia mtengenezaji magoti? Zamani laptopu za kazi zilikuwa na kamfuniko huko chini, unafungua skrubu mbili RAM hiyo hapo, unatanua vile vishikizo vya pembeni inajiinua yenyewe, unachomoa, unachomeka kubwa zaidi, kazi imeisha. Leo unafungua mashine ya dola elfu mbili unakuta kila kitu kimechomelewa kwenye bodi na betri imeganda na gundi.

Mwaka 2012 Apple walitoa MacBook Pro ya skrini ya Retina, iFixit (wale jamaa wanaofungua vifaa na kuvipa alama za urahisi wa kutengenezeka) wakaipa 1 kati ya 10. Watu wakalalamika wee, halafu wakanunua. Kampuni nyingine nazo zikaona kumbe inawezekana.

Kinachoniuma zaidi ni hesabu yake. Kwa miaka MacBook ilikuwa inaanzia RAM ya 8GB, ukitaka 16 unaongeza dola 200, mpaka Oktoba 2024 ndo wakafanya 16GB kuwa ya kuanzia. Na kwa kuwa imechomelewa huwezi kusema ngoja nichukue ndogo nitaongeza mbele ya safari, unatakiwa kukisia siku ya kununua mahitaji yako ya miaka mitano ijayo. Ukikisia kidogo imekula kwako. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu nakupinga. Watu wengi hata skrubu ya laptopu yao hawajui iko upande gani, wanataka kitu chembamba, chepesi, chaji ikae kutwa nzima, na kampuni zinawapa wanachotaka. Halafu RAM za laptopu hizi nyembamba ni aina inaitwa LPDDR, haijatengenezwa kukaa kwenye soketi za zamani. Inatumia umeme kidogo na inakimbia sana, ndo maana inatakiwa ikae karibu kabisa na prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu zote), njia ikirefuka ishara inavurugika. Kwenye M1, chipu ya Apple ya mwaka 2020, waliweka RAM na prosesa kwenye kifurushi kimoja na wote tuliona chaji ilivyokaa.

Na kuna kampuni ya Framework, walioingia sokoni 2021 na laptopu ambayo unabadili kila kitu. Mwaka 2025 wametangaza kompyuta ya mezani yenye chipu ya Ryzen AI Max na RAM yake imechomelewa! Wenyewe wakasema walihangaika na AMD, wenye hiyo chipu, kutafuta namna ya kuweka ya kuchomoa wakashindwa. Sasa kama hao wamenyoosha mikono wewe unamlaumu nani?

Mleta mada:

Hoja ya RAM ina uzito na sijasema fizikia ni uongo. Ila usiifanye mwavuli wa kufunikia kila kitu. Kwanza hata hiyo RAM kuna njia imeanza kupatikana, Dell walikuja na CAMM 2022, kibao cha RAM kinachofungwa na kufunguliwa, mwaka uliofuata ikawa kiwango rasmi, na 2024 Lenovo wakatoa ThinkPad P1 yenye LPCAMM2, yaani LPDDR hiyohiyo inafungwa kwa skrubu. Haitafaa kila chipu, sawa, lakini tusiambiwe haiwezekani kabisa.

Sasa niambie SSD kuchomelewa ni fizikia gani? SSD ni kitu kinachochakaa, kila ukiandika data seli zinachoka, ni kama tairi. Mtu mwenye akili zake anachomelea tairi kwenye ekseli? Halafu kwenye hizi Mac mpya data imefungwa kwa ufunguo ulio ndani ya chipu ileile ya kwenye bodi, bodi ikifa na mafaili yako kwaheri.

Na kibodi je. MacBook za 2015 mpaka 2019 zilikuja na ile kibodi ya vitufe vifupi, chembe ya vumbi ikiingia chini ya kitufe kinagoma au kinaandika herufi mara mbili. Kitufe kimoja! Ila kwenye MacBook Pro kibodi ilikuwa imepigwa ribiti kwenye ganda la juu, na betri imegundishwa kwenye ganda hilohilo, kwahiyo dawa ya kitufe ni kubadili ganda zima pamoja na kibodi na betri ambayo haina kosa lolote. Ilibidi Apple waanzishe utaratibu wa kuzitengeneza bure 2018, na 2022 wakakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja Marekani. Hapo wembamba umemsaidia nani?

Mchangiaji wa pili:

Mimi ni fundi, niwape ya jikoni. RAM kuchomelewa sio shida yangu kubwa, mashine ya hewa moto ya kuchomolea chipu ninayo. Shida ni gundi. Betri ya lithiamu ukiibandua inapinda, ikipinda sana au ukaichoma na kichokoo kwa bahati mbaya inatoa moshi na inaweza kulipuka moto, kwahiyo unamwaga kimiminika cha kulainisha gundi, unangoja, unapitisha uzi polepole kama unakata ugali wa moto, jasho linakutoka. Mteja amesimama anauliza mbona bei kubwa kwa betri tu. Kuna laptopu nyembamba vilevile betri yake imeshikwa na skrubu nne tano, natoa kabla chai haijapoa. Unene uko palepale.

Kingine ni vipuri kufungwa kwa namba, yaani mashine inakitambua kipuri chake kwa namba yake na kingine inakikataa au inakibania. Unatoa skrini nzima kwenye mashine iliyokufa bodi, unaiweka kwenye mashine ya aina ileile, orijino kabisa, inawaka vizuri ila True Tone (ile ya Apple ya kurekebisha rangi za skrini kulingana na mwanga wa chumba) haifanyi kazi mpaka programu ya mtengenezaji iitambue. Mteja anadhani umemwekea feki.

Mchangiaji wa tatu:

Fundi hapo kwenye namba umesahau wizi. Vipuri vikiwa huru laptopu ikiibiwa inachinjwa vipande jioni hiyohiyo. Na mleta mada, anayetaka ya kufungua si Framework wapo, ThinkPad zipo? Unataka serikali ndo ichore laptopu?

Mleta mada:

Mkuu hamna sheria inayochora laptopu. California tangu Julai 2024 inasema kifaa cha dola 100 na kuendelea, mtengenezaji atoe vipuri, vifaa na maelekezo ya kutengenezea kwa miaka 7. Ufaransa tangu 2021 laptopu inauzwa ikiwa na alama ya kutengenezeka dukani kabisa, unaona na bei unaona na alama, chagua mwenyewe. Ulaya kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vingi vya mkononi zitatakiwa kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Jimbo la Oregon huko Marekani nao wamegusa hilo la namba, wamekataza kwa vifaa vipya.

Wizi nakubali upo. Ila dawa yake ni mwenye mashine kuifungua kwa nywila yake vipuri vikawa huru, maana anayejua nywila sio mwizi. Sasa hivi funguo ziko kwa kampuni, mimi niliyelipa sina.

Mchangiaji wa nne:

Mnabishana skrubu huku programu ndo inaua. Windows 10 walisitisha msaada Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inazikataa rasmi prosesa nyingi za kabla ya 2018. Laptopu yako unaweza kuifungua kama sanduku la nguo, RAM umejaza, SSD mpya, bado unaambiwa imezeeka.

Mleta mada:

Kweli hiyo, na ndo sababu nataka bodi nayo ibadilike. Framework ya inchi 13 waliyouza 2021, ganda lake linapokea bodi zao za 2025. Unabaki na ganda lako na kibodi na chaja, unanunua bodi yenye prosesa mpya, ile ya zamani unaipa kaboksi kake inakuwa kompyuta ndogo ya mezani. Linux nayo, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, inapumua vizuri tu kwenye hizo zilizokataliwa.

Mchangiaji wa pili:

Umesahau bei ya hizo bodi. Wakati mwingine inakaribia laptopu nyingine nzima.

Mleta mada:

Ni ghali ndio fundi. Lakini hapo nachagua mimi, sio gundi.