Binti kaniuliza kama Dar nako kulikuwa na ubaguzi wa rangi, nimekosa la kumjibu

Fundi Cherehani Tabata

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za jioni.

Jumapili nimeangalia Sarafina!, ile filamu ya wanafunzi wa Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi, na binti yangu wa darasa la saba. Mimi mara ya kwanza niliiona nikiwa msichana, kibanda umiza cha Manzese, tumebanana kwenye mabenchi, nyimbo zikianza banda zima linapiga makofi. Miaka yote hii nilibaki nakumbuka nyimbo tu. Safari hii nimekaa na mtoto ambaye hajapishana sana umri na wale wanafunzi wa Soweto. Risasi zilipoanza alinishika mkono, hakuniachia mpaka filamu ikaisha.

Kisha akauliza, "Mama, na hapa Dar walitufanyia hivyo?" Nikamwambia hapana, ule ulikuwa ubaguzi wa Makaburu, sisi tulikuwa tunawasaidia wenzetu kupigana nao. Akaniambia, "Sasa mbona bibi anasema zamani Oysterbay mtu mweusi alikuwa haonekani bila kazi?"

Nimenyamaza. Shuleni nilikariri tarehe 16 Juni 1976, siku wanafunzi wa Soweto walipopigwa risasi, ya mji nilipozaliwa siyajui. Naombeni vitabu au filamu za kusoma na kuangalia naye. Vya Kiswahili vikiwepo nitashukuru, Kiingereza changu cha kuungaunga.

Kijana wa Sinza

Mama, tafuta 12 Years a Slave. Ni kisa cha kweli cha Solomon Northup, Mmarekani mweusi aliyezaliwa huru, akatekwa mwaka 1841 na kuuzwa utumwani Louisiana miaka 12. Ila viboko ni vingi mno, iangalie kwanza peke yako.

Vitabu Mkono wa Pili, Posta

Dada yangu, huyo binti kauliza swali la maana sana. Mimi nauza vitabu vilivyotumika, na kila anayeuliza habari za ubaguzi namwonyesha kwanza kile cha Walter Rodney, jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Yule alitoka Guyana, lakini kitabu alikiandika akiwa anafundisha pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikatoka mwaka 1972. Ni kizito, msimpe mtoto akisome peke yake. Chukueni sehemu moja, ile ya elimu ya wakoloni, msome polepole kwa wiki mbili.

Cha Kiswahili kipo cha Frantz Fanon, mwandishi aliyepinga ukoloni, Viumbe Waliolaaniwa, kilichapishwa hapa hapa Dar na Tanzania Publishing House. Kukipata ni bahati. Nakala ya mwisho niliyoishika jalada lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa gunia, na pembeni mwenyewe kaandika kwa penseli "soma tena" karibu kila ukurasa. Niliiuza na mpaka leo najuta.

Halafu mwambie binti kitu kimoja kuhusu Sarafina. Vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya ile 1976, wengine walikuja kusoma Mazimbu, Morogoro. Tanzania iliwapa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, eneo, wakajenga shule na kuiita jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu mwaka 1979. Leo ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Unapanda basi asubuhi, jioni umerudi Tabata.

Mzee wa Mtaa wa Swahili

Marahaba mwanangu. Bibi yake kasema kweli.

Nimezaliwa Kariakoo mwaka 1948. Baba yangu alikuwa mpishi kwa Mzungu mmoja Oysterbay. Alikuwa na mashati meupe mawili. Kola ikichakaa mama anaifumua, anaigeuza ndani nje, anaishona upya. Wewe fundi kazi hiyo unaijua. Baba ana watoto watano, ana mvi, na kule anaitwa "boi". Nililisikia kwa masikio yangu siku niliyompelekea dawa. Aliitika, kisha akaniangalia haraka kuona kama nimesikia. Sijaona filamu iliyonifundisha kuliko yale macho.

Watu wanadhani ubaguzi mpaka uwe na kibao cha "weusi hapana". Hapa ilianza na sheria ya ujenzi ya Wajerumani, mwaka 1891, na Waingereza wakaiendeleza. Mji uligawanywa kwa aina ya nyumba: za Kizungu upande wa bahari, za maduka katikati, vibanda vya wenyeji nyuma. Karatasi inataja kuta na paa, basi. Lakini Mwafrika gani alikuwa na hela ya ukuta wa Kizungu? Ndiyo tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja mnaokwenda kupunga upepo uliachwa wazi ili ututenge sisi wa Kariakoo na Uhindini. Shule mbalimbali, hospitali mbalimbali. Hata kura ya mwaka 1958, mpiga kura alilazimika kuchagua watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Viti sawa kwa kila rangi, wakati sisi ndio tuliojaa nchi nzima!

Na mpaka leo mtu akikosa adabu tunamwambia "acha uswahili". Jiulizeni neno hilo tumelitoa wapi.

Msomaji wa Upanga

Mzee, shikamoo. Mimi ni Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, babu yangu alifungua duka hapa kabla ya Uhuru. Naandika kwa uzito. Nyumbani kwetu nikiwa mdogo, dada wa kazi alikuwa na kikombe chake. Cha bati, kinakaa chini ya sinki, na vyetu viko kabatini. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini, na mimi sikuwahi kuuliza. Alinilea miaka tisa.

Vitabu nimesoma vingi. Kile kikombe nilikikumbuka nikiwa na miaka ishirini na sita, nasafiri, na mtu kwenye foleni ya uwanja wa ndege wa ugenini aliniita jina baya kwa rangi yangu.

Fundi Cherehani Tabata

Mzee wangu, nimemsomea binti maneno yako yote. Kwenye habari ya kola alitaka nimwonyeshe inavyogeuzwa, tukafumua shati la mteja la zamani tukafanya. Jumamosi tutatembea kwa miguu kutoka Kariakoo, tukate Mnazi Mmoja mpaka Posta.

Wa Upanga, asante kwa kusema. Nami nimefungua kabati langu. Msichana anayenisaidia kazi ana sahani ya plastiki ya bluu, peke yake, imewekwa mbali na zetu. Tuna rangi moja mimi na yeye. Niliiweka mimi mwenyewe.

Kaka wa Posta, huyo Rodney wa mkono wa pili unamuuza shilingi ngapi, na Jumamosi mchana utakuwepo?