Chuo kilifungwa kwa amri ya serikali, sifuri yangu ya testi imetoka wapi?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Matokeo yametoka juzi, GPA yangu (wastani wa alama) ya mwaka ni 3.4, na kati yangu na 3.5 ya daraja la pili la juu imekaa sifuri moja ya testi ambayo sikuipata chumba cha mtihani. Niliipata machungani.

Mnakumbuka Machi 2020. Tarehe 16 mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa, tena wa hapa hapa Arusha. Kesho yake zikafungwa shule, tarehe 18 ikawa zamu ya vyuo. Hosteli tukaambiwa tufungashe. Hakuna aliyetuuliza huko unakokwenda kuna nini. Tumekuja kurudi Juni mosi, siku 75 baadaye.

Mimi nilienda nyumbani, Gelai. Kwa wasiopajua, ni Longido huko ndani, unaelekea Ziwa Natron. Kwetu mtandao unaufuata kilimani, na simu iwe na chaji, na chaji iko dukani kwa mwenye sola, na mwenye sola masika yakishika naye analia na mawingu. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu ya 8,500 kwa siku, halikuwepo. Hata hela ya bando ningemwomba nani, mama?

Katikati ya hizo siku 75 mwalimu wa somo moja (silitaji, machalii wa darasani mnalijua) akaamua testi ya kwanza ifanyike mtandaoni "tusipoteze muda". CR, kiongozi wetu wa darasa, akatupia linki kwenye grupu la WhatsApp saa nne usiku. Testi kesho saa tatu asubuhi, dakika 45, ikifungwa imefungwa. Mimi ujumbe ule niliuona siku ya nne, nimeshuka Longido na mzee kumsaidia kuswaga mbuzi mnadani. Nimesimama barabarani, simu ikaanza kulia mfululizo, meseji mia na kitu. Ya juu kabisa ni linki. Za chini watu wanaulizana swali la tatu jibu lilikuwa nini.

Nikasema moyoni haina shida, tukifungua nitaeleza. Chuo si kimefungwa? Testi ndani ya chuo kilichofungwa ni testi gani?

Sasa tazameni hesabu. Kozi weki, yaani alama za kabla ya mtihani wa mwisho, ni 40: testi mbili za 15 kila moja, na kazi ya nyumbani 10. Testi ya kwanza, sifuri. Ya pili tuliifanya Juni, chumba cha mtihani, kalamu na karatasi: 11. Kazi ya nyumbani 8. UE, mtihani wenyewe wa mwisho, nimepata 39 kati ya 60. Jumla 58, B. Kwetu B+ inaanzia 60. Alama mbili! Ningeandika jina langu na kubahatisha swali moja ningezipata.

Nikaenda ofisini. Shikamoo, marahaba, nikaeleza yote kwa heshima. Nikajibiwa: "Kijana, korona ilikuwa ya kila mtu." Nikaomba nifanye testi ya fidia, nikaambiwa muda umepita. Nikauliza rufaa, nikaambiwa rufaa ni ya UE, kozi weki haikatiwi rufaa. Nikatoka. Nje ubaoni nikahesabu sifuri za testi ile moja: 23. Yupo wa Loliondo, yupo wa Simanjiro, yupo dada mmoja wa milimani Usangi aliyekuwa anauguza bibi yake. Wa Njiro na Sakina, mitaa ya mjini hapa Arusha, simuoni hata mmoja.

Na hao wa mjini siwachukii, wengine ni rafiki zangu. Mmoja kaniambia mwenyewe huku anacheka: walikaa sita sebuleni kwao, slaidi mezani, chai ya maziwa pembeni, mmoja anasoma swali wote wanatafuta. Wote wakapata 14 kati ya 15. Kwa hiyo hata hiyo 14 haisemi nani anajua somo. Inasema nani ana sebule.

Wenzetu nje walilijadili hili mapema. Harvard, shahada ya kwanza, semesta ile walifuta A na B, wakaandika kafaulu au hajafaulu. Vyuo vingi Uingereza viliweka utaratibu kwamba alama za kipindi cha korona zisimshushe mtu chini ya wastani aliokuwa nao kabla. Uingereza hiyo hiyo, Agosti, wahitimu wa sekondari walipangiwa alama kwa kanuni ya kompyuta, karibu asilimia 40 ya alama zikashushwa chini ya walizokadiria walimu wao. Watoto wakaingia barabarani, na ndani ya siku nne tu serikali ikarudi nyuma. Sisi hata barua moja ya kusikiliza hatujapewa.

Na sijaomba A ya bure, msinielewe vibaya. Naomba testi ile ifutwe kwa wale 23, kozi weki ihesabiwe kwa zile 25 zilizobaki. Mimi nina 19 kati ya 25. Ukiipeleka kwenye 40 ni 30.4. Jumlisha 39. Hesabu ya darasa la saba hiyo, mnisaidie kujumlisha maana mimi inaonekana nimezembea.

Kuna mtu atakuja hapa na "ungepanga chumba Longido mjini". Kwa hela ipi? Na ningejuaje kuna testi inakuja, wakati tangazo la serikali linaniambia nikae nyumbani?

Tunaandika barua kwa ofisi ya taaluma, nakala Tume ya Vyuo Vikuu. Jumatatu saa nne asubuhi tunakutana chini ya mti pale kwenye mama ntilie. Tuko 9 mpaka sasa. Wale 14 wengine, kama mko humu, andikeni "nipo". Na CR, najua unasoma, njoo na zile skrinshoti za saa nne usiku. Tunazihitaji zikionyesha saa.