Pauni milioni 3.6 kwa sura ya Artemisia: umma ulipigwa au ulipata?

Mleta mada

Wakuu habari za jioni. Hii kitu imenikaa kichwani tangu Jumamosi nilivyopita National Gallery, makumbusho ya picha ya umma hapa London (kiingilio bure, ndo maana huwa naingia kukimbia baridi). Kuna picha moja wala si kubwa, sentimita 71 kwa 69 hivi, mwanamke kajifunga kilemba, anakutazama kwa pembeni kama vile umemkatiza kazi, mkono mmoja umeegemea gurudumu lililovunjika lenye meno ya chuma. Ni Artemisia Gentileschi, mzaliwa wa Roma 1593, kajichora mwenyewe kama Mtakatifu Katarina wa Aleksandria (yule waliyetaka kumtesa kwa gurudumu lenye meno), alipokuwa anaishi Florence, kati ya 1615 na 1617.

Sasa sikieni biashara yake. Desemba 2017 iliibuka mnadani Paris, pale Drouot, kutoka kwa familia iliyokaa nayo tangu miaka ya 1940. Makadirio yalikuwa euro laki 3 mpaka laki 4, watu wakapandishiana mpaka ikaenda kama milioni 2.4 ukiweka na kamisheni ya mnada, waliochukua ni madalali wa sanaa wenye duka hapa London. Julai 2018 National Gallery wakatangaza wameinunua kwa pauni milioni 3.6. Badilisheni zile euro ziwe pauni, ni kama milioni 2.1. Yaani miezi 7 tu picha imepanda pauni milioni 1 na nusu bila kuongezwa hata tone la rangi! Kwa shilingi za Tanzania za wakati ule bei nzima inapita bilioni 10.

Swali langu: kwanini makumbusho hayakwenda yenyewe Paris? Mimi nasema umma ulipigwa mchana kweupe. Na kabla ya hapo familia moja ilikaa nayo miaka 70 na ushee ukutani kwao, hakuna aliyejua kama ipo. Kitu cha namna hii kinatakiwa kweli kuwa mali ya mtu binafsi?

Mtoto wa Kariakoo

Mkuu una hasira za mteja aliyenunua kitenge mtaani kwake halafu akakikuta Kariakoo nusu bei 😂 Huyo wa mtaani kapanda daladala, kafunga hela yake, kabeba hasara kama kingekosa mteja. Dalali wa Paris ndo huyohuyo. Makumbusho mpaka inunue inataka kikao, bodi isaini, wafadhili waombwe, mnada haumsubiri mtu amalize kikao. Na usidhani picha ya Artemisia ni hela taslimu muda wote. Januari 2014 ile aliyojichora akipiga kinanda cha nyuzi (wenyewe wanaita lute) iliwekwa kwenye mnada wa Christie's New York kwa makadirio ya dola milioni 3 mpaka 5, ikakosa mnunuzi. Ikarudi stoo, baadae mwaka huohuo ndo ikachukuliwa na makumbusho ya Wadsworth Atheneum kule Hartford. Hao wa Paris wangekwama nayo ungewachangia?

Mwalimu wa michoro

Naomba niingie hapo jamani, maana mnaongea bei kama vile ni kiwanja. Huyu dada 1611 alibakwa na Agostino Tassi, mchoraji mwenzake baba yake, kesi ikaenda mahakamani Roma 1612, na ili waamini ushahidi wake wakamkaza vidole kwa kamba, vidole vya mchoraji! Miaka michache baadae anajichora kaegemea gurudumu la mateso, limevunjika, yeye mzima. 1616 akaingizwa chama cha wachoraji Florence, mwanamke wa kwanza. Sasa National Gallery ina picha zaidi ya 2,300, wakati wanainunua hii za wanawake zilikuwa kama 20 tu. Hebu niambieni bei gani ingekuwa ghali.

Na tusidanganyane kwamba alijichora kwa kujipenda kama watu na selfi zao. Kioo hakidai posho, modeli anadai. Halafu wanunuzi wa enzi zile walikuwa wanautaka uso wake hasa, ukinunua Katarina wa Artemisia unapata mtakatifu na mchoraji kwa bei ya mmoja. Alijua soko lake vizuri kuliko sisi tunaomsikitikia.

Mkilifi

Hebu na sisi wa Pwani tuseme. Kwani Waitaliano wenyewe wako wapi kwa hii story? Mwanamke wa Roma, picha ya Florence, inauzwa Paris, inapelekwa London, mwenye kwao haulizwi. Sisi huku vigango vyetu vya Wamijikenda (nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee waliokufa) viling'olewa viliposimamishwa, vikauziwa watalii, vikaishia sebuleni kwa matajiri wa Marekani na kwa makumbusho yao. Makumbusho ya Denver walirudisha 30, na hiyo ilichukua miaka. Ukiniambia "mkusanyaji" mimi nasikia kitu kingine kabisa.

Mwalimu wa michoro

Ndugu yangu Mkilifi nakuelewa na uchungu wako ni halali, ila hapo umechanganya vitu viwili. Kigango ni mzee mwenyewe amesimamishwa pale, hakikuchongwa kiuzwe, anayekitoa kaiba hata kama alilipa. Artemisia alichora ili auze, na alimuuzia yeyote mwenye hela. Alifika mpaka London mwaka 1638 hivi, na ile nyingine aliyojichora kama Sanaa ya Uchoraji yenyewe ilikuwa ya mfalme Charles wa kwanza, mpaka leo iko kwenye mikusanyo ya wafalme wa Uingereza. Hakuna aliyempora.

Mkilifi

Sawa mwalimu, hapo nimekubali nusu. Lakini picha inayosemwa ilipatikana na familia Ufaransa miaka ya 1940, kipindi cha vita, Wayahudi wananyang'anywa nyumba mpaka vijiko. Hapo haulizi? Mimi ningeuliza kabla ya kuuliza bei.

Mleta mada

Hilo la miaka ya 40 Mkilifi umenigusa, hata mimi lilinipita, nilikimbilia faida ya dalali.

Ila kuhusu Waitaliano wana sheria kali sana na hapa ndo napowaonea wivu. Kazi ikipita miaka 70, msanii kashakufa na thamani inazidi euro 13,500, huitoi nje bila kibali. Wakiona ni muhimu kwa taifa wanaitia alama, unabaki nayo, utauza, ila ndani ya Italia tu.

Mtoto wa Kariakoo

Na unajua matokeo yake? Bei inaporomoka maana wanunuzi wa nje wote wameondoka. Babu kakuachia picha, serikali haikulipi senti, inakwambia tu usiitoe. Huo si ni utaifishaji wa bure? Bora hata wangeinunua.

Mpenda vya kale

Samahani nachepuka kidogo. Mimi niko Torino na huwa nazurura kwenye masoko ya vitu vya kale, kila wiki nakutana na "picha ya kujichora ya mchoraji wa Kiitaliano karne ya 17". Asilimia kubwa ni jamaa tu mwenye ndevu kashika brashi. Kushika brashi sio ushahidi, wachoraji walichorana sana wenyewe kwa wenyewe. Mimi huwa naangalia macho kwanza, aliyejichora anatazama kioo hivyo anakukazia wewe moja kwa moja huku kichwa kimegeuka kidogo, halafu naangalia mkono, mtu wa mkono wa kulia kwenye kioo anaonekana mashoto, wengine walisahihisha wengine hawakusahihisha. Kisha nageuza nyuma, fremu ya mbao, misumari, mihuri, vikaratasi vya minada ya zamani. Mbele mtu anasafisha anapaka vanishi mpya, nyuma wengi wanasahau.

Na msome maneno ya katalogi ya mnada kama mkataba wa nyumba. "Ya fulani" ni kitu kimoja, "inadhaniwa ya fulani" ni kingine, "karakana yake" kingine, "mfuasi wake" ndo kabisa huenda hawakuwahi kuonana. Kila neno likiongezwa bei inakatika. Nilishaumia mara moja, euro 900, kumbe picha ilichorwa na mjomba wa mtu, mchoraji wa mabango ya sinema, sitaki kukumbuka.

Mtoto wa Kariakoo

😂😂 mjomba wa mabango! Lakini unaona mleta mada, huyu bwana anatumia macho na jasho lake. Hiyo ndo kazi wanayolipwa madalali.

Mleta mada

Nimerudi. Nimefuatilia zile milioni 3.6 zilitoka wapi na inabidi nilegeze kamba. Hazikutoka kwenye kodi kama nilivyokuwa nadhani. Zilitoka kwa wafadhili, marafiki wa makumbusho walioko Marekani, mfuko wa makumbusho wenyewe, watu binafsi, na Art Fund (shirika la hisani linalosaidia makumbusho kununua kazi za sanaa) kupitia urithi wa Sir Denis Mahon. Huyu mzee ndo kanivuruga kabisa. Alikuwa mkusanyaji binafsi, wale ninaowasema vibaya. Miaka ya 1930 Wabaroko wa Italia (wachoraji wa karne ya 17 kama Artemisia) walikuwa hawatakiwi na mtu, 1936 akanunua picha ya mmoja wao, Guercino, kutoka kwa familia ya Barberini kwa pauni 200, akawapa National Gallery waichukue kwa bei hiyohiyo, wakakataa! Akaendelea kununua mwenyewe. Alifariki 2011 ana miaka 100, na picha 57 zikaenda kwenye makumbusho ya umma kwa masharti mawili, msitoze kiingilio na msiuze. Kiingilio bure changu cha Jumamosi yule mzee kakipigania sana.

Kwa hiyo swali langu nalibadilisha. Sio nani amiliki, ni kwa masharti gani. Ile familia ya Ufaransa haikuwa na sharti lolote, ingeweza kuiuza kwa mtu akaifungia kwenye stoo isiyolipa ushuru na tusingeiona tena maisha yetu yote.

Mwalimu wa michoro

Na baada ya kuinunua waliifanyia nini kaka, umeona? Waliisafisha, 2019 wakaizungusha. Maktaba ya wanawake Glasgow, kituo cha afya kule Pocklington, shule ya wasichana Newcastle, na gereza la wanawake la Send, Surrey.

Mtoto wa Kariakoo

Gerezani?? Bilioni 10 mmeipeleka gerezani?

Mwalimu wa michoro

Ndiyo, gerezani. Wanawake waliopitia mahakama, mbele ya mwanamke aliyebanwa vidole atoe ushahidi. Wewe ungeipeleka wapi?

Mtoto wa Kariakoo

Aisee. Hapo sina jibu.

Mleta mada

Mimi ile milioni 1 na nusu ya dalali bado inaniuma lakini 😅 Jumamosi narudi kuiangalia, aliyeko London anistue tukutane mlangoni saa tano, chai juu yangu.