Hivi PES imekufa au imehamia tu kwenye simu?

castolo_wa_temeke
Wakuu habari za muda huu. Enzi za PS2 ukimwambia mtu twende tukacheze gemu hakuulizi gemu gani, ni PES tu, ile gemu ya mpira ya kampuni ya Konami, na PES 6 ndo ilikuwa yenyewe, Adriano wa Inter ukimpa mpira nje ya kumi na nane kipa anaanza kuomba dua. Siku hizi kila kibanda cha gemu ninachopita naona FIFA tu, ile gemu ya mpira ya kampuni ya EA (najua jina sasa ni FC, mtaani bado tunaita FIFA), madogo ukiwatajia PES wanakuangalia. Je gemu imeshuka kweli, au inachezwa sana ila sio pale tulipozoea kuiona?

fundi_pedi
Imeshuka mkuu, na ilianza kushuka zamani. PS3 ilipokuja Konami walipotea, FIFA wakaboresha mchezo na 2009 wakaleta Ultimate Team, ile ya kujenga timu kwa kadi za wachezaji. Halafu 2013 PS4 inatoka, FIFA 14 ipo, PES 2014 haipo kwenye PS4 kabisa! Sasa mwenye kibanda kanunua mashine mpya kwa hela nyingi, ataweka gemu gani kama sio hiyo iliyopo? Wateja wakazoea, na ukishazoea pedi ya FIFA kurudi PES ni kazi kwelikweli. 2018 wakapoteza na leseni ya Champions League.

minanda7
Mi leseni sikubali hata kidogo. PES haikuwa na leseni ya timu nyingi, tulicheza na Merseyside Red (Liverpool hiyo), tukacheza na London FC (Chelsea), nani alilalamika? Majina tulikuwa tunayabadilisha wenyewe kwenye edit au unanunua CD ambayo fundi keshaweka kila kitu mpaka jezi, maisha yanaendelea, maana raha ilikuwa kwenye mpira wenyewe, pasi ina uzito wake na goli unalitafuta. Waliojiua ni Konami wenyewe Septemba 2021, wakatupa jina la PES ambalo watu walilijenga miaka 20, wakaleta eFootball ya bure yenye timu 9, sura za wachezaji zimeharibika mpaka Messi na Ronaldo wakawa kichekesho mitandaoni, kwenye Steam, lile duka la gemu za kompyuta, watu wakaipa alama mbovu kuliko gemu zote na kampuni ikaomba radhi. Na Master League hakuna!! Master League ndo ilikuwa roho ya ile gemu, unaanza na kina Castolo na Minanda hawajulikani na mtu, misimu inapita una timu ya kutisha. Hilo ndo linaniuma mpaka leo.

dada_wa_pasi
Samahani kaka zangu ila mnapima umaarufu kwa vibanda tu. Konami wametangaza eFootball imepakuliwa zaidi ya mara milioni 750, na nyingi ni simu. Desemba 2024 FIFA wenyewe (shirikisho la mpira, sio gemu), baada ya kuachana na EA, walifanya kombe lao la dunia la gemu pale Riyadh kwa kutumia eFootball, na kulikuwa na mashindano ya simu na ya konsoli. Hapa chuoni kwetu wanaomiliki PS5 ni wa kuhesabu, ila eFootball kwenye simu ipo kila chumba, wasichana kwa wavulana. Mtu wa Tandika hana hela ya konsoli ila simu anayo. Hiyo sio gemu iliyokufa.

castolo_wa_temeke
Dada umenifungua macho hapo kwenye simu, sikuwa najua kuhusu Riyadh. Ila kupakuliwa na kupendwa sio kitu kimoja, dogo wangu anayo na anaicheza kimyakimya anatafuta kadi za wachezaji, mwenzake yuko nchi nyingine huko hata hamjui. Sisi mtu akikufunga yuko pembeni yako anakuimbia, unanyanyuka unampisha anayefuata. Kwa hiyo kwangu wachezaji wapo, ule mchezo wa kukaa pamoja ndo umeshuka. Fundi, kuna kibanda chochote Temeke bado wanaweka PES 2021?

fundi_pedi
Njoo inbox nikuelekeze, jamaa anazo mbili na jioni foleni ipo.