Naomba mwongozo: kupanga transmita ya chaneli nane kwa modeli ya ndege ya bawa lisilo na mkia

Bawa_Delta ameuliza:

Habari zenu wakuu. Nina transmita ya chaneli nane inayotumia masafa ya gigahezi 2.4, nami nimeiunganisha na risiva (kipokezi cha mawimbi) ya modeli ya ndege ya bawa lisilo na mkia, yenye mota moja nyuma na servo mbili (mota ndogo za kusogeza) zinazoendesha elevoni, yaani vile vibawa vya nyuma vinavyofanya kazi ya eleveta (kupandisha na kushusha pua) na ya eleroni (kuinamisha ndege upande) kwa pamoja. Servo ya kushoto iko chaneli ya 1, ya kulia iko chaneli ya 2, na kidhibiti cha mota kiko chaneli ya 3. Mchanganyiko wa elevoni nimeuwasha kwenye menyu, lakini nikivuta kijiti nyuma ili pua ipande, elevoni moja inapanda na nyingine inashuka. Nikikipeleka kijiti kulia, zote mbili zinapanda pamoja. Jambo la pili, ambalo ndilo linanitia wasiwasi zaidi, ni kwamba nikizima transmita mota inaendelea kuzunguka kwa kasi ileile. Propela nimeitoa. Naomba kuelekezwa nianzie wapi, maana kila nikirekebisha hili, lile linaharibika.

FundiServo amejibu:

Ndugu Bawa_Delta, kuitoa propela ndiko kuanza vizuri, na ibaki nje mpaka kazi yote iishe. Dalili unayoieleza ina sababu moja tu: servo mojawapo inazunguka kinyume na inavyotakiwa. Mchanganyiko wa elevoni hujumlisha amri ya kupanda na amri ya kulala (kuinamia upande) kwa servo moja, na kwa servo ya pili hutoa ile ya kulala kutoka kwenye ile ya kupanda. Kwa hiyo servo moja ikiwa kinyume, amri hizo mbili hubadilishana kazi, kama unavyoona mezani kwako.

Simama nyuma ya modeli, vuta kijiti nyuma, na utazame elevoni inayoshuka. Servo ya upande huo ndiyo uigeuze kwenye menyu ya kugeuza mwelekeo, hadi zote mbili zipande unapovuta. Baada ya hapo usiguse tena menyu hiyo. Peleka kijiti kulia: elevoni ya kulia inapaswa kupanda na ya kushoto kushuka. Ikiwa ni kinyume, nenda kwenye mchanganyiko wenyewe ubadilishe alama ya asilimia ya kulala, kutoka chanya kuwa hasi, na kupanda hakutaathirika. Nadhani kinachokuzungusha ni kusahihisha kulala kwa kugeuza servo, kwa sababu servo ikigeuzwa amri zote mbili hugeuka nayo.

Trimu ndogo, yaani marekebisho madogo ya katikati ya servo kwenye menyu, ije baadaye. Kwanza weka vijiti na trimu zote katikati, fungua skrubu ya mkono wa servo, uuchomoe na kuupachika upya kwenye meno ya mhimili hadi ukaribie nyuzi 90 na waya wa kusukumia, kisha urefu wa waya urekebishe kwa mkono. Tofauti ndogo itakayobaki ndiyo kazi ya trimu ndogo. Katikati ya servo ni mpigo (ishara ya umeme inayoipa servo amri) wa mikrosekunde 1500, na mwendo wake wa kawaida ni kati ya 1000 na 2000. Ukiisogeza katikati mbali kwa trimu, upande mmoja utaishiwa mwendo mapema kuliko mwingine. Kumbuka pia kwamba mabawa mengi ya aina hii huhitaji elevoni zote mbili ziwe zimeinuka kidogo kijiti kikiwa katikati, hivyo fuata kipimo kilicho kwenye maelekezo ya modeli yako.

Mrengo_wa_Juu amejibu:

Nakubaliana na FundiServo, nami niseme juu ya mota, kwa kuwa hilo ndilo linaloweza kumjeruhi mtu. Risiva nyingi ambazo hazijapangiwa mkao wa dharura, yaani mkao wa kufuata mawimbi yakipotea, hushikilia amri ya mwisho zilizoipokea pale mawimbi yanapokatika. Mota ilikuwa nusu kasi, basi itabaki nusu kasi.

Tazama maelekezo ya risiva yako. Baadhi huhifadhi mkao wa vijiti uliokuwapo wakati wa kuunganishwa na transmita, nyingine hupangwa kupitia menyu. Kwa vyovyote vile, kijiti cha kasi kiwe chini kabisa na elevoni ziwe kwenye mkao wa kuteleza hewani bila mota. Lifanye jambo hili mwisho, baada ya kumaliza mielekeo yote, kwa sababu risiva huhifadhi urefu wa mpigo wala haijui "kasi ya chini" ni nini: ukigeuza chaneli ya mota baadaye, mpigo uliokuwa wa kusimamisha unaweza kuwa ndio wa kasi kamili. Kisha jaribu: ongeza kasi hadi robo, zima transmita, na mota isimame yenyewe.

Na siku ukibadilisha transmita, usiamini namba za chaneli. Mpangilio wa transmita za Futaba ni eleroni, eleveta, kasi, usukani, ilhali wa zile za Spektrum ni kasi, eleroni, eleveta, usukani. Waya wa mota ulio kwenye chaneli ya 3 unaweza kujikuta unafuata kijiti cha eleveta.

Bawa_Delta:

Ahsanteni sana. Mielekeo imekaa sawa na mota inasimama. Limebaki moja: nikivuta kijiti hadi mwisho kisha nikakipeleka kulia, elevoni ya kulia haisogei zaidi, ila ya kushoto tu ndiyo inayoshuka. Je, servo ni mbovu?

FundiServo:

Servo ni nzima. Umeacha kupanda na kulala vyote kwenye asilimia 100, kwa hiyo jumla ni 200, na ya kulia ilikuwa imeshafika kikomo. Hakikisha jumla haizidi 100. Mimi hupenda 40 kwa kupanda na 60 kwa kulala, kwa kuwa bawa lisilo na mkia hujibu upesi mno kwenye kupanda. Ukiona mwendo umekuwa mdogo, hamishia waya kwenye tundu la nje zaidi la mkono wa servo, na usikilize: servo ikinguruma mwishoni mwa mwendo, kuna kitu kinaizuia, basi punguza kikomo.

Mrengo_wa_Juu:

Kabla ya kurusha, weka transmita kwenye hali ya nguvu ndogo ya kupima umbali, uende hatua kama 30, na mwenzako aishike modeli akiigeuza huku na huku. Antena mbili za risiva zikae kwa nyuzi 90 baina yao, mbali na betri na nyuzi za kaboni, na ile ncha iliyo wazi ya takribani milimita 31 isikatwe wala kukunjwa.