Stempu ya Elizabeti wa Hungaria, 1949 (8+2 pf, yaani pfenigi): nikague nini?

Mwulizaji: Wakuu, kwenye albamu yangu ya walei walioanzisha huduma kwa maskini namtaka Elizabeti, aliyejenga hospitali Marburg mwaka 1228. Nauziwa stempu mbili za Ujerumani Magharibi. Moja haijatumika, muuzaji anaapa gundi ni ya asili, na bei imechangamka. Nyingine iko kwenye kadi ya posta. Nikague nini, na hiyo ya kadi niiloweke?

Kibano: Anza na meno, yaani vijino vya kingo za stempu. Geuza stempu, tazama ncha kwa lenzi ya mara 10. Gundi ya kiwandani hupakwa karatasi ikiwa nzima, matundu yakafuata. Ukichana, ncha hubaki na nyuzi laini zisizo na gundi. Iliyopakwa upya huwa tayari ina meno, hivyo gundi huingia kwenye matundu, nyuzi hugandana na ncha huwa ngumu. Ukikuta hivyo, lipa bei ya stempu isiyo na gundi. Kisha ilaze kwa mshazari chini ya taa: palipowahi kubandikwa kikaratasi cha albamu pamepoteza mng'ao, na hapo bei inashuka sana. Picha ya mbele pekee haitoshi.

Muhuri_Safi: Kadi usiiloweke! 8 pf ndiyo iliyokuwa nauli ya kadi ndani ya mji uleule. Kwenda mji mwingine ilikuwa 10. Zile 2 ni mchango wa hisani, hazihesabiki. Kadi iliyolipiwa sawasawa kwa stempu hii pekee ina thamani kuliko stempu iliyobanduliwa. Tafuta pia kistempu cha buluu cha 2 pf, NOTOPFER BERLIN: kodi ya lazima kwenye barua nyingi za ndani, Disemba 1948 hadi Machi 1956. Muhuri uvuke kutoka stempu hadi kadi, na tarehe isiwe kabla ya 14 Disemba 1949, siku ilipotoka.

Mwulizaji: Buluu ipo. Muhuri ni Marburg, Februari 1950, ila anwani ni Hamburg.

Muhuri_Safi: Basi nauli imepungua 2 pf. Angalia kama kuna tarakimu za kalamu ya buluu au neno Nachgebühr, yaani mpokeaji alitozwa. Zikiwepo, chukua, ni kadi nzuri. Zisipokuwepo, huenda karani alijumlisha 8 na 2 akaona 10 imetimia. Hilo linawezekana, lakini usilipie ziada.