Walioenda bara kusomea udaktari bingwa, maisha ya mjini yalikuwaje? Tupeane uzoefu

Tabibu_Barani: Asalaam aleikum wana Malindi na Lamu. Nimepata nafasi ya mastazi Eldoret na sijawahi kuishi nje ya pwani. Masomo niachieni mwenyewe, nataka kusikia maisha, nyumba, chakula, familia, pesa. Kila nikiuliza mtu naambiwa "kule baridi" halafu anaenda zake. Mliopita huko au miji mingine ya kadiri hiyo, mwageni hapa.

KijanaWaShela: Baridi ipo ndugu, mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, mwezi wa saba wewe una sweta na koti na unapishana na mtu wa vesti anakimbia mazoezi alfajiri hata hatweti. Utazoea. Mimi nilichopenda ni kwamba nilipanga nyumba karibu na hospitali, nikiitwa thieta, chumba cha upasuaji, usiku nafika kabla mgonjwa hajalazwa mezani, wenzangu walioko Nairobi wanatoka kol, zamu ya usiku, asubuhi na kabla kulala wana jam ya kumaliza kwanza. Lakini usidanganyike na udogo wa mji. Wamepewa hadhi ya jiji 2024 tu, ila Moi ni hospitali ya rufaa ya taifa ya pili baada ya Kenyatta, wagonjwa wanatoka Turkana, Pokot, Busia huko, wengine wamesafiri kutwa nzima na wameshachelewa. Mji wa kadiri, wodi za jiji kubwa. Na si kila mgonjwa ana Kiswahili. Usiku mmoja nimeletewa ajuza wa Kipokot anashika tumbo, nesi yuko na dharura upande wa pili, aliyenitafsiria ni mama wa kitanda cha jirani mwenye dripu mkononi, kila nikiuliza swali moja wale wawili wanaongea dakika tano wanacheka halafu naambiwa "amesema hapana". 😂

MamaRayyan: Nyinyi mnasimulia thieta, waliobaki na watoto je? Mume wangu alikuwa rejista, daktari anayesomea ubingwa, huko huko Eldoret, mwanzo nikabaki Malindi. Hesabu barabara, Malindi Mombasa, Mombasa Nairobi kwa treni au basi, halafu Nairobi Eldoret zaidi ya kilomita 300 nyingine, mtu akipewa wikendi nzima yote inaishia njiani na akifika analala. Nikaona hapana, nikafunga virago na watoto. Madrasa tulipata, msikiti upo mjini, majirani wakarimu sana, mursik, maziwa yao ya kuganda, nililetewa siku ya kwanza sikuweza, watoto wangu ndio wakawa wanaitafuta. Kilichonitesa jikoni ni nazi, bei juu halafu unavunja ndani imeoza, na samaki ni tilapia na omena, changu sahau. Mahamri nayo unga hauumuki! Unakanda jioni asubuhi umekaa vile vile. Nikajifunza kufunika bakuli kwa blanketi na kuliweka pembeni ya jiko la makaa likishapoa moto mkali, hapo ndipo yakafura, na wake wa marejista wengine wakaanza kuagiza Jumamosi. Kwa hiyo ndugu kama una mke usimuache, shida ya mbali ni kubwa kuliko ya baridi.

Mokowe_Jeti: Mimi wa Lamu nilienda Moshi, Tanzania, hospitali ya rufaa ya KCMC, watu wanasahau Moshi ni karibu kuliko Eldoret kwa sisi wa pwani. Mombasa, Voi, Taveta, unavuka mpaka Holili, umefika. Wagonjwa wote Kiswahili, kuchukua historia ni raha, ingawa mwanzo wananicheka nikisema "niko na". Mji safi, ndizi za kila aina, mlima unauona asubuhi ikifika saa nne umejifunika. Karatasi za uhamiaji ndizo usumbufu, na kabla hujalipa ada hata shilingi ulizia KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, kama wataitambua shahada yako ukirudi, usingoje kumaliza.

Nahodha_MD: Pesa hakuna aliyegusa naona. Kama umeajiriwa na kaunti omba likizo ya masomo yenye mshahara, utasainishwa bondi ya kurudi kuwatumikia, isome mstari kwa mstari na ubaki na kopi. Mimi kuna mwajiri, simtaji, alisimamisha mshahara katikati ya mwaka ati faili halionekani, nikawa nafanya lokamu, yaani kibarua cha udaktari, wikendi kwenye kliniki za mjini ili nilipe kodi. Hapo mji wa kadiri ulinifaa maana kodi si ya Nairobi. Na kwa wanaotaka upasuaji iko njia ya COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, miaka miwili kisha mitatu, unafundishwa hospitalini ukifanya kazi, nyingi wanakulipa kitu kidogo badala ya wewe kulipa ada kubwa. Ila ujue hospitali zake nyingine ziko vijijini kabisa, Tenwek kwa mfano iko Bomet, jioni hakuna pa kwenda.

Tabibu_Barani: Shukran jamani. MamaRayyan nimemsomea mke wangu, anauliza blanketi la jiko ama la kulalia?

MamaRayyan: La zamani, tena lifuliwe. Na mwambie abebe unga wa iliki wa kutosha, na mbuzi ya kukunia nazi asiache, huko hakopeshwi na mtu.

KijanaWaShela: Nyumba ukitafuta usichukue kwa picha za WhatsApp, fika uangalie maji kama yanatoka. Mwezi wa nne mvua hainyeshi mchezo, angalia na paa.